Vyoo Kumi vya Balozi Abrahamu

Mzee Abrahamu Shekiondo ni balozi wa nyumba kumi za kilimani kwetu, Kwemtindi, na nyumba yetu ni ya saba ukihesabu kuanzia kwake. Mwaka jana, 1973, alikosa raha wiki mbili nzima kwa sababu ya vyoo. Nimewahi kusikia watu waliokosa raha kwa sababu ya mgonjwa, au mahari, au kesi ya mpaka wa shamba. Kwa sababu ya vyoo sijasikia mwingine. Ndiyo maana nikaanza kumwuliza maswali, na yeye badala ya kunifukuza akanijibu yote, hata yale ambayo mama alisema sikupaswa kuyauliza.

Ukikutana naye njiani huwezi kudhani ni kiongozi. Ana koti la sufu lililobaki na kifungo kimoja, na shamba lake la kabichi liko kwenye mteremko mkali kiasi kwamba kabichi ikimponyoka juu anakwenda kuichukua kwa jirani yake, Mzee Omari, chini. Mzee Omari anasema kabichi zinazofika kwake zimeamua zenyewe kuhama. Wawili hao ni marafiki tangu utoto, ingawa mmoja ni Mlutheri na mwenzake Mwislamu. Mzee Omari ana redio, ya pekee katika nyumba zetu kumi, na jioni saa kumi na mbili balozi yuko barazani kwake, sikio moja limeelekezwa redioni na jingine kwa Omari anayelalamika kuhusu betri.

Hotuba ya Rais haimpiti. Lakini haisikilizi kama watu wengine. Redio ikisema kwamba maadui wetu ni watatu, ujinga, umaskini na maradhi, wengine wanatikisa kichwa kama wanaitikia sala. Yeye anauliza wanakaa wapi.

"Adui lazima awe na kwake," aliniambia. "Ujinga unakaa hapa." Akagonga kofia yake. "Umaskini unakaa pale, kwenye viazi vinavyooza ardhini kwa ukungu. Na maradhi yanakaa kule."

Alionyesha bondeni, kwenye chemchemi yetu. Nyumba zetu zote ziko juu mgongoni mwa kilima, zimezungukwa na migomba, na maji tunayateka chini. Kwa hiyo kila kilicho migombani, mvua ikinyesha, kinateremka kwenda kwenye chemchemi, na sisi tunakifuata na ndoo. Wakati ule watu wazima na watoto wote walikwenda migombani. Kila masika watoto waliharisha. Mjukuu wa balozi, mtoto wa mwanawe Kristofa, alibebwa mgongoni mpaka hospitali ya Bumbuli akiwa amelegea kama kitambaa. Alipona, na sasa anaiba ndizi zetu. Lakini mganga alimwuliza mama yake swali moja tu, maji mnachota wapi, na jibu lake halikumtoka balozi kichwani.

Kuhusu serikali ana maneno yake ya Kishambaa. Wazee wa zamani, anasema, hawakumwuliza mtawala amejenga nini. Waliuliza kama anaizifya shi au anaibana shi, yaani kama anaitengeneza nchi au anaiharibu. Mvua, chakula, watoto wasiokufa, yote yalikuwa swali moja. Anavyomwelewa yeye Rais, ni hivyo hivyo: huwezi kumwondolea maradhi mtu mwenye njaa, na huwezi kumwondolea njaa mtu unayemswaga kama mbuzi, kwa sababu ukigeuka naye anageuka.

"Na wewe umejuaje kwamba anageuka?" nilimwuliza.

"Kwa sababu niligeuka mwenyewe," akasema.

Hapo ndipo aliponieleza habari za matuta. Sote kilimani tumekua tukisikia kwamba Mzee Abrahamu ndiye aliyekataa matuta ya Mwingereza. Watoto wadogo wanacheza hivyo: mmoja anakuwa Mwingereza, mwingine anakuwa Abrahamu. Kumbe hakukataa. Serikali ya kikoloni iliagiza kila mtu achimbe matuta shambani kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na atakayekosa ashtakiwe. Abrahamu akachimba. Ila alichimba upande mmoja tu wa shamba, ule unaoonekana kutoka barabarani, mahali alipopita msimamizi na pikipiki yake. Upande wa nyuma hakugusa. Anasema nusu ya kilima walifanya hivyo, na ukisimama barabarani ungesema Usambara nzima imesukwa nywele.

Siku moja jumbe, mkuu wa kijiji wa wakati ule, aliambiwa alete majina. Jumbe huyo alikuwa jirani yao, nyumba ya chini kidogo. Aliandika majina sita, la Abrahamu likiwemo, na Abrahamu akapelekwa barazani Lushoto kuhukumiwa, akakaa ndani siku nane.

"Uliumia?" niliuliza.

"Kukaa ndani hakukuniuma. Tulikuwa wengi, tuliimba. Nitakuambia kilichoniuma. Nilirudi, na tangu siku ile hakuna mtu aliyekwenda kwa jumbe kuomba moto. Alipoezeka nyumba aliezeka na mke wake. Mimi nilipita na mzigo wangu wa nyasi nikamwona yuko juu ya paa peke yake, mzee yule, nikaangalia pembeni. Alikuwa ametumwa tu. Na mimi kweli sikuwa nimechimba." Akachagua kiazi kimoja cha mbegu akakitupa upande wa vibovu. "Uhuru ulipokuja na watu wakanichagua balozi, nilimwambia mke wangu, Mama Kristofa: kazi zote nitafanya, ila kuandika jina la jirani nimlete mashtakani, hiyo hapana."

Alikaa na ahadi hiyo miaka mingi bila mtu kuijaribu, mpaka kampeni ya afya ilipofika.

Ilikuja kwa njia ya redio, wakati wa baridi, Juni ukungu unapokaa mlangoni mpaka saa tano. Nchi nzima watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza, na kila kikundi kilikuwa na kijitabu. Chetu kilikutana barazani kwa Mzee Omari. Msomaji alikuwa Jenoveva, mke wa Kristofa, kwa sababu amesoma mpaka darasa la nane. Lakini Jenoveva ni mkamwana wa balozi, na kwetu mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali: hapiti mbele yake, hali naye, na akimwona anakuja njiani anaingia pembeni mpaka apite. Kwa hiyo alisomea nyuma ya mlango, sisi tunasikia sauti tu. Sura ya mbu aliisoma polepole, kila neno likasikika. Sura ya choo aliisoma kama mtu anayekimbia mvua. Alipomaliza, wazee wote walikuwa wanaangalia miguu yao.

"Mmeelewa?" balozi akauliza.

"Tumeelewa," wakasema wote, na nadhani hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Hata hivyo walichimba. Hakuna aliyelazimishwa. Balozi alianza na shimo lake mwenyewe, Mzee Omari akaona haya kuachwa nyuma, na baada ya hapo ikawa mashindano. Watu walisaidiana zamu kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Walikata fito, wakakandika udongo, wakaezeka. Mzee Omari alipata rangi ya buluu akapaka mlango. Mama Yunis, mjane wa nyumba ya nne, aliweka pazia. Mwezi haujaisha, vyoo vilikuwa kumi, na bwana afya alipokuja mara ya kwanza alisimama katikati ya kilima akasema hajaona mahali kama hapa tarafa nzima.

Bwana afya huyo anaitwa Mbaraka. Ni kijana wa Mnazi, kule bondeni kwenye joto, na kilimani kwetu alikuwa anatetemeka hata saa sita mchana. Balozi alimpenda. Jumapili iliyofuata alimchukua hata mwinjilisti kutoka kanisani kwenda kutazama mlango wa buluu.

Mara ya pili Mbaraka alikuja bila taarifa. Safari hii hakutazama vyoo. Alitazama chini. Alitembea kutoka nyumba hadi nyumba, mikono mfukoni, kisha akarudi kwa balozi. Mimi na mama tulikuwa tumekuja uani kwake kuazima chungio, nikasikia.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba. Umeviona?"

"Nimeviona. Ni vizuri kuliko nyumba niliyopanga mimi." Akatazama tena chini. "Mzee, njia za kwenda kwenye vyoo vyenu zina nyasi. Zote kumi. Nyasi hazijakanyagwa."

Balozi aligeuka kuitazama njia ya chake.

"Kwa Mzee Omari nimekuta majembe na mbegu za viazi. Kwa yule mama mwenye pazia nimekuta kuku ameatamia. Amenidonoa." Akaonyesha mkono. "Kwako hakuna kitu, mzee. Kuna utando wa buibui mlangoni, mzima, haujavunjika."

Kisha akasema kile alichotumwa kusema. Angerudi baada ya wiki mbili. Nyumba ambayo choo chake kitakuwa hakitumiki, balozi aandike jina la mwenye nyumba kwenye karatasi, na karatasi ipelekwe tarafani, na mwenye jina aitwe kujibu. Lilikuwa agizo jipya. "Si mimi, mzee," akasema. "Nimetumwa tu."

Mama anasema uso wa balozi ulibadilika zaidi aliposikia maneno hayo ya mwisho kuliko aliposikia mengine yote.

Kwa siku tatu balozi alizunguka nyumba hadi nyumba akiuliza sababu. Alipewa nyingi. Mmoja alisema choo kina giza. Mwingine alisema watoto watatumbukia. Mama Yunis alisema hataki kumsumbua kuku. Mzee Omari alisema choo chake ni kipya mno, anasubiri kizoee. Balozi alisikiliza yote, na alijua yote ni maneno ya kumfurahisha mgeni, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na sababu yake na alikuwa hajamwambia mtu.

Siku ya nne nilikwenda kwake kurudisha chungio tuliloazima. Mkewe, Mama Marta, ambaye yeye humwita Mama Kristofa kwa jina la mtoto wao, alikuwa jikoni anasonga ugali. Jenoveva alikuwa upande wa pili wa ukuta wa fito anamenya ndizi, nikakaa naye. Balozi akaja, akakaa kigodani mlangoni, akitazama nje.

"Mama Kristofa," akasema, "muulize mama wa mtoto kwa nini nyumba hii haiendi chooni."

Mama Marta hakugeuka. "Jenoveva, baba anauliza kwa nini nyumba hii haiendi chooni."

Kisu cha Jenoveva kilisimama. "Mwambie baba, hata yeye simwoni akienda."

"Anasema hata wewe hakuoni ukienda."

"Nimesikia."

"Basi kama umesikia mimi nafanya nini hapa? Ugali wangu unaungua."

"Mwambie," balozi akaendelea, akikaza macho kwenye kabichi zake, "njia ya kile choo inapita mbele ya mlango wao. Nitapitaje mbele ya mkamwana wangu na kopo la maji mkononi? Atajua ninakokwenda."

"Anasema ana haya."

"Sikusema hivyo."

Jenoveva aliweka ndizi chini. Nilimwona anajizuia kucheka na kulia kwa pamoja. "Mwambie baba, na mimi je? Nikitoka na yeye akawa anakuja, nitajificha wapi? Pale kuna mgomba mmoja tu, tena mwembamba. Nitaingiaje mahali alipoingia baba yangu mkwe? Afadhali migombani, migombani ni kukubwa."

Mama Marta safari hii hakurudia. Mwiko ulikuwa umesimama kwenye sufuria.

"Na kwa Omari?" balozi akauliza polepole.

"Ni hivyo hivyo. Halima ameniambia tukiwa chemchemini." Halima ni mkamwana wa Mzee Omari. "Kila nyumba ni hivyo hivyo. Wazee wanawakimbia vijana, vijana wanawakimbia wazee, choo kinabaki cha kuku. Halima alisema kwa mzaha, laiti choo cha kwao kingekuwa chetu na cha kwetu kikawa chao."

"Rudia," balozi akasema.

"Muulize baba nirudie nini."

"Hilo la Halima. Rudia."

Hakuwa amepitia kwa Mama Marta. Jenoveva alitazama ukuta kana kwamba umemsemesha, halafu akarudia, neno kwa neno, moja kwa moja. Ugali uliungua kweli siku ile, nikala nao hivyo hivyo.

Kesho yake jioni balozi aliita nyumba zote kwa Mzee Omari. Wazee walikaa mbele, vijana nyuma, wakamwana nyuma ya mlango kama kawaida yao. Alisimama na lile koti lake la kifungo kimoja.

"Nimeagizwa nilete majina," akasema. "La kwanza litakuwa langu, kwa sababu choo changu kina buibui. Sasa nitasema kinachotuzuia, na anayetaka kuangalia miguu yake aangalie."

Akasema. Alitaja mkwe, mkamwana, njia, kopo la maji, vyote. Nilisikia mbuzi wa nyumba ya pili wakitafuna.

Mzee Omari akakohoa. "Balozi, mambo haya yanasemwa mbele ya watu?"

"Redio imeyasema mbele ya Tanzania nzima, Omari, na redio ni yako."

Mtu mmoja nyuma ya mlango akacheka, wa pili akafuata, mwisho wazee nao wakashindwa kujizuia. Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda kama maji. Kilima chetu kina pande mbili, nyumba tano mashariki na tano magharibi. Vyoo vitano vya mashariki vikawa vya wazee wa nyumba zote. Vitano vya magharibi vikawa vya vijana, wake zao na watoto. Mzee Omari, anayekaa upande wa magharibi, angekuja kwa balozi, na Jenoveva angekwenda kwenye mlango wa buluu. Kila upande ungefungua njia yake mpya isiyopita mlangoni kwa wakamwana, na hakuna mkwe atakayekutana na mkamwana. Kijana mmoja aliuliza mtu anakuwa mzee lini. Wakabishana hadi wakakubaliana kwamba ni siku anayopata mkamwana au mkwe wa kiume, basi anahama choo. Mama Yunis aliomba kuku wake amalizie siku saba zilizobaki. Akapewa.

Aliyebaki ni Mzee Nikodemo wa nyumba ya tisa. Huyu hakubishana, aliendelea tu kwenda migombani. Vijana walitaka aandikwe jina. "Mmoja tu, balozi, tupone tisa." Balozi aliwaambia waende wakalale. Asubuhi alikwenda kwa Mzee Nikodemo akakaa naye mpaka saa nne, wakaongea habari za mvua, za mbolea, za marehemu, na mwishoni kabisa Nikodemo akasema kwamba goti lake la kulia halikunji, akichuchumaa juu ya lile shimo anaona atatumbukia. Migombani alikuwa anashika mgomba. Saa nane mchana balozi na Kristofa, aliyekuwa amepanda kutoka Mombo anakofanya kazi, walikuwa wamechimbia mti wa kushika ndani ya choo cha Mama Yunis, ambacho ndicho cha wazee kilicho karibu zaidi na Nikodemo. Siku ya tatu watu walisema wamemwona akitoka.

Nilimwuliza balozi: angekataa kabisa je, ungefanyaje?

"Ningerudi tena kukaa naye."

"Na wiki mbili zikiisha?"

Akageukia kuchagua viazi vyake. Nilikuwa nimeona ile karatasi kwenye Biblia yake, nyeupe, na kalamu juu yake, na niliona kwamba alikuwa amejaribu wino pembeni.

Mbaraka alikuja siku aliyosema, amevaa majaketi mawili. Mama Marta alimpa chai ya maziwa vikombe vitatu, mpaka meno yakaacha kugongana. Watu walikuwa wamekwishakusanyika uani. Akazunguka, akatazama chini, akarudi ameridhika kwanza, kisha akafungua fomu na kuridhika kukamwishia.

"Njia zimekanyagwa," akasema. "Hilo nimeliona. Sasa, mzee, kaya yako. Choo chake ni kipi?"

"Wazee wa kaya yangu wanatumia hiki. Vijana wa kaya yangu wanatumia kile cha mlango wa buluu."

"Kile ni cha Mzee Omari."

"Omari anakuja hapa."

Mbaraka aliangalia fomu, akaangalia mlango wa buluu. "Na Mzee Nikodemo?"

"Mzee Nikodemo kwa Mama Yunis. Wanawe kwa akina Halima."

"Fomu inasema kila kaya na choo chake, kinachotumiwa na watu wote wa kaya hiyo." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu aliyekwama. "Kwa fomu hii, mzee, nikiijaza kama ilivyo, nyumba zote kumi hazina."

Nilimwona Jenoveva nyuma ya nguzo, mtoto mgongoni, kanga ameing'ata kwa meno. Balozi aliingia ndani akatoka na karatasi yake.

"Basi nitaandika jina moja," akasema. "Langu. Mimi ndiye niliyewapanga hivi. Nitakwenda tarafani nieleze."

"Na mimi nimo," Mzee Omari akasema.

"Wewe kaa na betri zako."

Mbaraka aliishika kalamu bila kuandika. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Zile chai tatu zilikuwa zimemfikia. "Samahani, mzee," akasema kwa sauti ya chini, "naomba mnielekeze choo."

Balozi akanyoosha mkono kuonyesha chake, halafu akausimamisha hewani.

"Ngoja," Mzee Omari akasema. "Huyu anakwenda kipi?"

"Ni kijana. Upande wa vijana."

"Kijana gani? Ni mgeni wa serikali. Mgeni wa serikali anakaa na wazee."

"Amenipa shikamoo," Mama Marta akasema kutoka jikoni. "Ni mtoto wangu. Mtoto wangu anakwenda magharibi."

"Magharibi kuna wake zetu," kijana mmoja akasema. "Mwanamume mgeni hapiti njia ile."

"Umeoa, mwanangu?" Mama Yunis akamwuliza Mbaraka.

"Bado, mama."

"Mnaona. Hana mkwe. Hajawa wa upande wowote."

"Akija kuoa hapa kwa Omari je? Omari ana binti. Atakuwa ameshapita njia ya baba mkwe wake."

"Mwache binti yangu," Mzee Omari akasema, lakini alimtazama Mbaraka upya, kuanzia viatu.

Mbaraka alikuwa amekunja miguu. Alitaka kusema kitu, hakuna aliyemsikia. Mzee Nikodemo alipata nafasi akapendekeza cha Mama Yunis, kwa kuwa kina mti wa kushika, na wengine wakasema hicho kina foleni asubuhi tu, sasa kiko wazi, na mmoja akasema hapana, kimetoka kumwagiwa majivu, asubiri. Mwishowe Mama Marta alitoka jikoni na kopo la maji ya moto kidogo, akamshika Mbaraka mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Twende cha kwangu, mwanangu. Hawa waache wamalize mkutano wao."

Aliporudi walikuwa bado hawajamaliza. Alinawa mikono, akajifuta kwenye jaketi la juu, akakaa, akachukua fomu.

"Nimefanya kazi hii miezi minane," akasema. "Nimeona watu wakigombania mipaka, maji, ng'ombe. Choo ambacho hakitumiki sijaona mtu akikigombania." Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, mstari baada ya mstari, na balozi akasimama nyuma yake akifuata ncha ya kalamu.

"Nisomee," balozi akasema. "Macho yangu yamechoka."

Macho yake hayana kitu, anasoma Biblia yenye herufi ndogo. Mbaraka akamsomea. Nyumba ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo. Mpaka ya kumi, ndiyo. Sehemu ya majina aliipiga mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini.

"Wakiniuliza tarafani," Mbaraka akasema, "nitawaambia waje waone. Na nitakwenda na habari hii kilima cha pili, kwa sababu kule nako vyoo vina nyasi. Nitawaagiza wagawane mashariki na magharibi kama ninyi."

Balozi alikuwa anacheka na Mzee Omari kuhusu jambo jingine, akaacha.

"Usiwaagize," akasema. "Kawaulize kwanza wao kinachowazuia ni nini. Inaweza isiwe wakwe. Na ukae nao mpaka waone haya kukudanganya."

Mbaraka akafungua fomu tena, akaandika hilo pembeni kabisa, mahali pasipokuwa na swali lolote. Kisha Mama Marta akamwongezea chai, akaikataa.